Jino la Kukatia Uzi

Wifi yangu ana meno mengi kinywani, lakini jino analolijali ni moja tu. La mbele, juu, upande wa kulia. Ukimtazama kwa mbali utasema ni jino kama la mtu yeyote. Sogea karibu umchekeshe, na kumchekesha si kazi, hata paka akipiga chafya yeye anacheka, ndipo utaona ncha ya jino lile ina kijipengo chembamba, kama mtu amelipitishia tupa. Hakuzaliwa nacho. Kimechimbwa na uzi.

Mimi naitwa Vifungo. Jina la kuzaliwa ninalo, ila ukiliulizia mtaani kwetu watakuambia mtu huyo kahama. Miaka thelathini na moja nimekalia kiti kilekile, kwenye duka lilelile la ushonaji, nikishona vifungo, nikipinda mapindo, nikipiga pasi, na mgongo wa wifi yangu uko mbele yangu kwenye cherehani. Yeye ni Mama Pini, kwa sababu ya pini anazobana midomoni akiwa anapima nguo. Anaweza kubana pini kumi na mbili na bado akakusema mpaka utamani kurudi kwenu. Mkataji wetu alikuwa kaka yangu, mume wake, Mungu amrehemu. Huyo waliita Mkasi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kirefu. Mlango mbele, dirisha nyuma, na katikati meza ya kukatia iliyolainishwa na viwiko vya kaka yangu. Ukutani pana misumari, na kila msumari una furushi la karatasi za vipimo: sketi za shule, makoti meupe ya maabara, aproni za wapishi. Juu ya rafu kuna redio ambayo haijawahi kuzimwa mchana. Hicho ndicho chumba nilichozeekea, na sijutii.

Mkasi alikuwa na mkasi mmoja mkubwa, mzito, aliouviringisha kwenye kitambaa laini kila jioni kama mtoto mchanga. Mkasi ule ulikata kitambaa tu. Ukiugusa kukatia karatasi alikununia siku mbili. Kwa ajili ya uzi alikuwa na kimkasi kidogo cha ncha kali, chenye uzi wa buluu aliouzungushia kwenye tundu la kidole gumba kwa sababu chuma kilimchubua. Sasa kimkasi hicho, ala! Kila siku kimepotea. Miaka nenda miaka rudi, kimepotea.

"Nikatie, Pini," angesema.

Angetoka mezani na shati mkononi, uzi unaning'inia, apite pembeni ya cherehani, ainame, ampelekee mkewe uzi mpaka mdomoni. Na huyu bila kusimamisha miguu angeinua kidevu, aupokee kwa jino lile la mbele, tk! Uzi umekatika. Kaka yangu anarudi mezani akipiga mluzi. Baada ya dakika kumi, huyo tena. "Nikatie, Pini." Mara arobaini kwa siku, nawaapia.

Nilikuwa naona haya mimi. "Nyinyi watu," niliwaambia, "mikasi ya uzi inauzwa."

"Ya nini?" alijibu kaka. "Wenzetu wananunua, sisi tunao wa nyumbani."

"Siku meno yakimtoka utakatia wapi?"

"Siku hiyo nitaacha kushona."

Hakusubiri siku hiyo. Miaka tisa iliyopita moyo wake ulisimama, akiwa ameegemea meza ile ile, chaki mkononi, na shati la mtu limekatwa nusu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukunja nguo zake, kwa sababu wifi hakuweza. Nilipofika kwenye koti lake la kazi, lile la kijivu alilolivaa kila siku ya Mungu, nikapekua mifuko. Mfuko wa kifuani, nyuma ya kalamu, nikakuta kimkasi. Uzi wa buluu uko pale pale. Kimepakwa mafuta, kikali, hakina hata doa la kutu. Mtu hapaki mafuta kitu kilichopotea.

Nikakaa chini sakafuni, nikacheka na kulia kwa pamoja. Mjinga mkubwa yule. Miaka ishirini na kitu anadanganya, apate tu sababu ya kumwinamia mkewe.

Sikumwambia wifi. Mpaka leo sina jibu zuri la kwa nini. Labda niliogopa ataona alichezewa, na wakati ule hakuwa na nguvu za kuchezewa. Labda, acha niseme ukweli, nilitaka niwe na kitu cha kaka yangu ambacho ni mimi tu ninakijua. Nikakitia ndani ya kopo langu la vifungo, chini kabisa, nikakifunika kwa vifungo vya makoti.

Wifi akaendelea kushona, na akaendelea kukata uzi kwa jino. Nilimnunulia mkasi wa uzi, nikauning'iniza kwa utepe kwenye msumari karibu na sikio lake. Ulikaa pale kama pambo.

Sasa mwaka juzi nikaanza kuona madoa. Doa jekundu, dogo kama kichwa cha pini, kwenye kola ya shati jeupe. Nikaliloweka kwenye maji baridi na chumvi, likatoka. Wiki hiyo hiyo doa jingine, kwenye shati jingine.

"Nimejichoma sindano," akasema wifi.

"Kidole gani? Nionyeshe."

"Wewe ni polisi?"

"Kidole gani, wifi?"

Akageuka akaongeza sauti ya redio. Nikajua hapo kuna jambo. Siku chache baadaye nikamwona anainua uzi mdomoni kama kawaida, anauma, uzi haukatiki. Akauma tena. Kisha akatoa mkono taratibu, akashika jino lake kwa vidole viwili, na uso wake ukabadilika rangi. Jino lilikuwa linacheza.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Nina watoto watatu," akasema, "wananitosha." Lakini hakucheka, na wifi yangu kutocheka si jambo dogo.

Kumbe fizi zake zilikuwa zinatoa damu kwa zaidi ya mwaka. Alikuwa anasukutua maji ya chumvi na kunyamaza. Nikamburuta kwa daktari wa meno wa mtaa wa pili, mzee mmoja mwenye haraka zake, miwani iko kwenye paji la uso. Alilitikisa jino lile kwa kidole, akatazama picha ya eksirei kwa muda wa kupenga kamasi, akasema, "Hili halina mfupa wa kulishika. Ling'oke. Tutakuwekea la bandia, zuri kuliko hili lenye pengo."

Wifi akashuka kwenye kiti, akavua ile bibu ya karatasi shingoni, akaikunja nne, akamkabidhi. "Jino la pembe si dawa ya pengo, daktari," akasema, tukatoka.

Alivumilia mpaka kwenye ngazi. Pale kwenye ngazi akakaa, akalia. Sikuwahi kumwona akilia tangu tumzike kaka yangu. Watu wanapanda na kushuka, wanatupita kwa upande, na mimi nimesimama na mkoba wake sijui niuweke wapi.

"Wifi, unajua hili jino ni nini?" akaniuliza.

"Ni jino."

"Kila nikipitisha ulimi pale kwenye kijipengo, namkuta yuko. Picha zake zimefifia, sauti yake siikumbuki vizuri tena, nakuambia kweli. Lakini pale namkuta. Wang'oe mengine yote, sitasema neno. Hilo waniachie."

Nikakaa na mimi kwenye ngazi.

Binti yake mkubwa ndiye aliyetutafutia daktari wa fizi, kwenye hospitali kubwa, ghorofa ya tatu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa kitinda mimba wetu, mikono midogo, sauti ya chini. Alipima kila jino kwa kijichuma chenye alama, akikipenyeza kati ya jino na fizi huku akimtajia msaidizi wake namba. "Mbili. Tatu. Mbili. Tatu. Hapa nane."

Wifi akanyanyua mkono. "Nane nini? Inchi?"

"Milimita, mama."

"Aa. Basi ni padogo."

"Kwenye nguo ni padogo," akasema daktari. "Kwenye fizi ni shimo." Akatuonyesha picha. Mfupa wa taya ulikuwa mweupe pande zote, lakini kando ya jino lile ulikuwa umeliwa kwenda juu, pamebaki weusi. Akaeleza kwamba uchafu ulijificha chini ya fizi miaka mingi, ukaila fizi, kisha mfupa. Halafu akauliza, "Mama unafanya kazi gani?"

"Cherehani."

"Unakata uzi kwa meno?"

Wifi akatazama dari. "Anakata," nikasema mimi. "Tangu wewe hujazaliwa."

Daktari hakumgombeza. Alisema ule mvuto wa kila siku nao umelisukasuka jino. Lakini kwa vile shimo liko upande mmoja na kuta tatu za mfupa zimebaki, kuna la kujaribu. Atafungua fizi, asafishe mzizi, ajaze shimo kwa unga wa mfupa, juu yake aweke utando mwembamba, kisha aishone fizi irudi mahali pake. Unga ule ni wa kushikilia nafasi tu. Utando ni wa kuizuia fizi isikimbilie ndani, kwa sababu fizi inaota haraka na mfupa unaota polepole. Mwili wenyewe ndio utakaojenga mfupa mpya, kwa miezi sita, saba.

"Kumbe," akasema wifi. Macho yalikuwa yameanza kumng'aa. "Ni kama kile kitambaa kigumu tunachotia ndani ya kola, ili isimame."

"Hivyo hivyo, mama. Ila hiki baadaye kinayeyuka, na kola inasimama yenyewe."

"Na huo unga wa mfupa ni wa nani?"

"Wa ng'ombe. Umesafishwa mpaka yamebaki madini matupu."

Nikaona nafasi yangu. "Haya wifi, kesho nikikusalimia usije ukaniitikia kwa mlio wa zizini."

"Afadhali ng'ombe," akasema, "ana maziwa. Wewe una nini?"

Daktari alicheka mpaka akashusha barakoa. Lakini wifi alikuwa ameshaacha mzaha. "Jino litabaki? Niahidi."

"Sikuahidi jino, mama. Nakuahidi kazi nzuri. Mengine ni mwili wako na utii wako."

Utii. Neno hilo nililikumbuka sana baadaye.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kumbe hata ukuta una masharti yake. Kwanza alisafishwa chini ya fizi, mara mbili, kinywa chote. Akafundishwa kupiga mswaki upya kama mtoto wa chekechea, na vile vijibrashi vya kupitisha katikati ya meno. Wiki nane. Na kukata uzi kwa meno, marufuku. Hapo ndipo nilipogeuzwa askari. Kila aliponyanyua uzi, nilipiga kelele nyuma yake, "Wifi!" Mkono unashuka. Dakika tano, "Wifi!" Mkono unashuka. Ule mkasi wa utepe ulikuwa kwenye msumari, sentimita chache tu kutoka sikioni mwake, na mkono wake haukujua njia ya kwenda kule. Mazoea yana taabu jamani.

Siku ya kufunguliwa fizi alikataa kuingia peke yake, kwa hiyo nilivalishwa gauni na kofia nikakalishwa kona. Alipigwa sindano ya ganzi. Sikutazama damu, mimi damu siiwezi. Nilianza kutazama ilipofika zamu ya sindano na uzi, maana hapo nilikuwa kwangu. Sindano imepinda kama kucha ya paka. Uzi mwembamba kuliko wote niliowahi kushika. Alishona mishono saba, midogo, imelingana, na kila fundo alilikalisha pembeni ya mshono. Nikasema moyoni, huyu binti tungemwajiri.

Kitu kimoja tu kilinikera. Kila fundo aliliachia ncha ndefu.

Tulipewa masharti: asipige mswaki pale, asitafune kwa mbele, asinyanyue mdomo kujitazama kwenye kioo, asukutue dawa asubuhi na jioni, arudi baada ya wiki mbili. Tukatia sahihi. Nyumbani, ganzi ilipomwachia, swali la kwanza wifi kuniuliza si kama alitoka damu nyingi. "Mshono ukoje?"

"Safi. Saba. Ila ameacha ncha."

"Ameacha ncha?" Akaguna. "Bado mdogo. Atajifunza."

Inabidi mnielewe. Dukani kwetu uzi unaoning'inia ni aibu. Kaka yangu alikuwa anaweza kurudisha shati zima, limepigwa pasi, limekunjwa, kwa sababu ya uzi mmoja kwenye kwapa. "Uzi ukining'inia," alisema, "fundi hajamaliza." Mimi na wifi tumelelewa na neno hilo. Hata tukienda msibani, tukiona uzi kwenye nguo ya mtu, vidole vinatuwasha.

Siku ya sita wifi alikuwa dukani, kwa sababu nyumbani hakai. Anashona, mara anasimama, anasukuma mdomo kwa ulimi. Anashona, anasimama.

"Una nini?"

"Kuna uzi unanichoma mdomo. Umejitokeza, unaning'inia. Nashindwa hata kufikiri."

"Hebu nione."

Nawaambia kweli, hakuna kengele iliyolia kichwani mwangu. Nilimgeuza aelekee dirishani, nikaunyanyua mdomo wake, nikauona. Uzi unaning'inia. Mikasi ya dukani yote ni minene, haiingii pale. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, ukatoka na kile kimkasi. Kisha nikafanya kama nilivyofanya maisha yangu yote kwenye mashati: nikaivuta ile ncha kidogo, ili ikikatwa irudi ndani isionekane, nikakata karibu kabisa na fundo. Kli.

Kazi safi. Nikajipongeza.

Wifi hakuwa anatazama uso wangu. Alikuwa anakitazama kimkasi. Akakichukua mkononi mwangu, akakigeuza, akagusa ule uzi wa buluu kwa kidole gumba. Nikangoja aniulize nimekitoa wapi. Hakuuliza. Alinirudishia, akageukia cherehani yake, akakanyaga.

Kesho yake asubuhi fizi ilikuwa imefunguka. Fundo lilikuwa limelegea lote, na pale kwenye ufa palionekana kitu cheupe ambacho hakikutakiwa kuonekana. Utando.

Daktari alitupokea kabla ya wagonjwa wengine. Hakupiga kelele. Ningependelea apige.

"Nani amekata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaning'inia."

Akavuta kiti akakaa. "Wagonjwa nawakataza kila kitu," akasema. "Nawakataza sigara, nawakataza karanga. Hili la ncha sijawahi kuliwaza. Mama, zile ncha ninaziacha makusudi. Uzi huu unateleza, ukiukata karibu, fundo linafunguka."

Binti anajua kazi yake, na sisi wawili tukamwona hajakomaa! Nilitamani sakafu inimeze. Akasafisha, akaongeza mshono mmoja, akabadilisha dawa ya kusukutua, akataka tuje kila wiki. Na akatuambia wazi: vijidudu vikiingia chini ya utando, mfupa hautajengeka, na jino litakwenda. Sasa ilikuwa ni kusubiri tu.

Tukasubiri. Ile miezi sitaisahau. Wifi hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonitesa. Mtu aliyekuwa ananisema kwa pini kumi na mbili mdomoni, sasa anakula uji wangu anasema ahsante. Nilikuwa namtazama mgongo wake, nafikiri: kaka, ulimwachia kitu kimoja tu, na dada yako amekiharibu kwa kimkasi chako mwenyewe. Nililia sana juu ya lile kopo la vifungo. Vifungo vingine vya makoti nilivishona navyo vimelowa.

Fizi ilifunga baada ya wiki tatu, lakini nani angejua huko chini pana nini? Dukani tukapata utaratibu mpya. Kwa vile mkono wa wifi ulikataa katakata kujifunza njia ya kwenda kwenye msumari, mimi ndiye niliyekuwa naamka kwenye kiti changu, napita pembeni ya cherehani, nainama, namkatia uzi kwa kile kimkasi. Mara arobaini kwa siku. Magoti yangu hayakufurahi. "Nikatie, Vifungo," alikuwa anasema, na mara ya kwanza aliposema hivyo, redio ikabaki inaongea peke yake. Kuhusu kimkasi kimetoka wapi, hakuuliza. Na mimi sikusema.

Mwezi wa saba daktari akapiga picha. Akaiweka ya zamani kushoto, mpya kulia. Mimi nikafumba macho.

"Fumbua, mama," akaniambia. "Tazama."

Palipokuwa peusi palikuwa na ukungu mweupe. Si pote. Ukingoni, pale fundo lilipofunguka, palibaki kijishimo, na daktari hakutuficha kwamba pale pangejaa kama nisingekata ule uzi. Lakini huko ndani mfupa ulikuwa umerudi, umelikumbatia jino. Akachukua kile kijichuma chake, akapima. "Tatu. Tatu. Nne."

"Nne milimita?" akauliza wifi.

"Nne. Kutoka nane." Akalishika jino kwa vyuma viwili, akalisukuma. Halikucheza. "Nitaliunga na jirani yake kwa waya kwa nyuma, hautaonekana. Litabaki, mama. Ila uzi tena, basi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Maisha yako yote."

Wifi akapitisha ulimi kwenye kijipengo, taratibu, nikamwona. Akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti mpaka msaidizi akaniletea kitambaa cha karatasi, na nilipokipokea nikaona pembeni kina uzi. Sikuugusa.

Tulirudi dukani mchana huo huo, kwa sababu kulikuwa na sare za watu. Wifi akakaa kwenye cherehani, akamaliza kola, akavuta shati, uzi ukawa mrefu. Nikaamka na kimkasi.

"Kaa kwanza," akasema, bila kugeuka. "Hicho ulikikuta kwenye koti lake, mfuko wa kifuani."

Nikarudi kitini. "Ulijua?"

"Wewe unadhani mimi ni kiziwi? Kila akiniinamia kinagonga kwenye kalamu. Kli, kli. Miaka ishirini na mbili nasikia kli, kli, halafu mtu anasema kimepotea."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambia, angekuja kufanya nini?" Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Alipokufa nilikitafuta kwenye koti, sikukiona. Nikasema labda nilikuwa nasikia vibaya miaka yote. Labda kilipotea kweli, alikuwa anakuja kukatiwa tu basi, hakuna zaidi. Miaka tisa, wifi. Mpaka siku ile uliponinyanyua mdomo dirishani."

Miaka tisa. Nilikuwa nimekifunika kwa vifungo, nikidhani namhurumia.

"Nisamehe," nikasema. "Kwa kuficha. Na kwa kukata."

"Kwa kukata nilikutuma mwenyewe." Akajifuta uso kwa shati la mteja, jambo ambalo kaka yangu asingelivumilia. "Kwa kuficha, nitakukumbusha mpaka unizike. Haya njoo."

Akainua kidevu. Akauchukua uzi, akaulaza juu ya jino lile, ndani ya kijipengo chake, na uzi ukaingia pale mahali pake. Hakuuma. Aliachia mdomo wazi, akaushika uzi pande zote mbili, akatulia.

"Nikatie," akasema.

Nikainama. Nikakata karibu na mdomo wake, kli, kisha nikalichukua lile shati nikaenda kulishonea vifungo.